ASKOFU WA VISIWANI
Maisha ya John Coleridge Patteson (1827–1871)



Wapendwa katika Kristo, mmekwisha kusoma historia ya kwaya yetu kwa miaka hii 50. Kabla hatujaingia kwenye ratiba ya nyimbo, tunaomba dakika chache tuwasimulie maisha ya mtu ambaye hakuwahi kufika Kenya. Kamati ilipopendekeza kwamba sadaka ya leo isitumike kununua sare mpya, bali iwafunze waimbaji wa makanisa madogo tunayoyatembelea visiwani, ndugu kadhaa waliuliza maana yake ni nini. Swali lao ni la haki. Tumeona jibu zuri limo katika maisha ya Askofu Patteson, ambaye Waanglikana pande nyingi za dunia humkumbuka kila tarehe 20 Septemba.

KUZALIWA NA KUSOMA

John Coleridge Patteson alizaliwa London tarehe 1 Aprili 1827. Nyumbani walimwita Coley. Baba yake, Sir John Patteson, alikuwa jaji wa mahakama kuu, na mama yake alitoka katika ukoo wa Coleridge, ukoo wa mshairi mashuhuri wa Uingereza. Mama alifariki Coley akiwa bado kijana. Alisoma shule ya Eton, ambako alijulikana sana kwa mchezo wa kriketi, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Oxford. Baadaye alikaa Ujerumani kwa muda akijifunza Kiebrania na Kiarabu, na hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba Mungu alikuwa amempa kipawa cha lugha.

Mwaka 1853 alifanywa shemasi, akatumwa Alfington, kijiji kidogo karibu na nyumbani kwao katika jimbo la Devon. Watu walimpenda, na baba yake mzee alifurahi kuwa na mwanawe karibu. Angeweza kukaa pale maisha yake yote, na hakuna ambaye angemlaumu.

WITO

Mwaka 1854 alikuja mgeni, George Augustus Selwyn, Askofu wa New Zealand. Dayosisi yake ilikuwa kubwa ajabu, na ndani yake vilikuwamo visiwa vingi vya Melanesia katika Bahari ya Pasifiki: visiwa vya Banks, Santa Cruz, Solomon na vinginevyo. Kila kisiwa kilikuwa na lugha yake, na vingine vilikuwa na lugha mbili au tatu. Askofu Selwyn alihitaji msaidizi. Coley alitaka kwenda, lakini alimfikiria baba yake. Mzee alipoambiwa, moyo ulimuuma, ila hakumzuia. Alijua kwamba mtoto anayetolewa kwa kazi ya Mungu hatolewi kwa mkopo.

Walisafiri kwa meli mwezi Machi 1855. Baba na mwana hawakuonana tena. Mzee alifariki mwaka 1861, miezi michache tu baada ya mwanawe kuwekwa wakfu kuwa askofu, na Patteson hakurudi Uingereza hata mara moja.

NAMNA ALIVYOFANYA KAZI

Hapa tunawaomba wanakwaya wasome polepole.

Visiwa vilikuwa vingi na wamisionari walikuwa wachache. Homa nayo iliwaua upesi wageni waliojaribu kukaa huko mwaka mzima. Selwyn na Patteson wakachukua njia nyingine. Walizunguka visiwani kwa meli ya misheni iliyoitwa Southern Cross, wakawaomba wazee wawape vijana. Vijana hao walipelekwa shuleni New Zealand kwa miezi ya joto, kisha wakarudishwa kwao kabla baridi haijawadhuru. Mwaka uliofuata waliokuwa tayari walichukuliwa tena. Kusudi lilikuwa kwamba kila kisiwa kipate mwalimu wake mwenyewe, mzaliwa wa pale, anayejua lugha na desturi za kwao, asiyehitaji kungoja meli ili Injili ihubiriwe.

Kufika kisiwa kipya kulikuwa kazi ya hatari. Mashua ilibaki mbali kidogo na ufuo, naye Patteson alishuka peke yake bila silaha, akapita majini kwa miguu au kwa kuogelea hadi walipokuwa watu. Aligawa zawadi ndogo kama ndoana za kuvulia samaki, akauliza majina ya watu na kuyaandika, akajifunza maneno machache. Aliporudi mwaka uliofuata, aliwaita kwa majina yao. Kwa njia hiyo alijifunza lugha zaidi ya 20 za visiwa hivyo, na kadhaa kati yake alikuwa wa kwanza kuziandika.

Tarehe 24 Februari 1861, akiwa na umri wa miaka 33, aliwekwa wakfu huko Auckland kuwa Askofu wa kwanza wa Melanesia. Cheo hakikumbadilisha. Shuleni alifundisha, aliuguza wagonjwa na kufanya kazi za mikono pamoja na vijana. Kanuni ilikuwa kwamba hakuna kazi ya Mzungu na kazi ya mtu mweusi: kupika, kufagia, kulima na kupiga chapa vitabu viliwahusu wote. Hakutaka vijana wageuke kuwa Waingereza. Mila isiyopingana na Injili aliiacha ikae. Ibada na nyimbo zilikuwa katika Kimota, lugha ya kisiwa kidogo cha Mota, ambayo ndiyo iliyokuja kuwaunganisha vijana wa visiwa vyote.

Mwaka 1867 shule ilihamishiwa kisiwa cha Norfolk, mahali penye joto zaidi na karibu zaidi na Melanesia. Mwaka 1868 Patteson alimfanya George Sarawia, kijana wa kisiwa cha Vanua Lava, kuwa shemasi, Mmelanesia wa kwanza kupata daraja hilo. Sarawia alikwenda kukaa Mota, akajenga kijiji cha Kikristo, na kanisa likakua chini ya mtu wa huko huko.

MAJARIBU

Kazi hiyo ilikuwa na gharama. Mwezi Agosti 1864, huko Santa Cruz, mashua yao ilishambuliwa kwa mishale walipokuwa wakiondoka ufuoni. Vijana wawili kutoka kisiwa cha Norfolk, Edwin Nobbs na Fisher Young, walijeruhiwa. Patteson alichomoa mishale kwa mikono yake na kuwauguza usiku na mchana, lakini pepopunda iliwachukua wote wawili. Aliwapenda kama watoto wake. Wanaosimulia habari zake husema huzuni ile haikumtoka kabisa, na hata hivyo aliendelea kuwatafuta watu wa Santa Cruz. Aliamini kwamba watu wale walipiga kwa hofu, si kwa uovu tu.

Jaribu kubwa zaidi lilitoka kwa watu wa nchi yake mwenyewe. Mashamba ya miwa huko Queensland, Australia, na ya pamba huko Fiji yalihitaji vibarua. Kati ya 1863 na 1904 watu wapatao 62,000 wa visiwa vya Pasifiki walipelekwa Queensland peke yake. Wengine walikwenda kwa hiari, lakini wengi, hasa miaka ya mwanzo, walidanganywa au walitekwa. Meli zilifika, mitumbwi ikaja kufanya biashara, na watu wakavutwa ndani na kufungiwa chini. Ilisimuliwa kwamba baadhi ya wenye meli walijifanya wamisionari, wakisema askofu amewatuma, ili vijana wapande bila shaka.

Hebu fikirini uchungu wa mtu huyu. Kwa miaka kumi na zaidi alikuwa amejenga imani kisiwa baada ya kisiwa, na sasa jina lake lilikuwa chambo. Mwanzoni mwa 1871 aliliandikia kanisa la New Zealand akiomba serikali iidhibiti biashara hiyo kwa sheria. Alikuwa ametoka kuugua vibaya, na nguvu zake zilikuwa zimepungua.

NUKAPU

Tarehe 20 Septemba 1871 meli ya Southern Cross ilifika Nukapu, kisiwa kidogo karibu na Santa Cruz. Maji yalikuwa yamekupwa, na mashua haikuweza kuvuka mwamba. Mitumbwi ya wenyeji ilikuwa pale. Patteson, aliyekwisha kufika Nukapu zamani, aliingia katika mtumbwi wao ili kuwaonyesha kwamba anawaamini. Walio katika mashua walimwona akishuka ufuoni na kuingia kijijini. Hawakumwona tena akiwa hai.

Baada ya muda mishale ilirushwa kutoka mitumbwini kuelekea mashua. Kasisi Joseph Atkin na mwalimu Stephen Taroaniara wa kisiwa cha San Cristobal walikuwa kati ya waliojeruhiwa. Walirudi melini, na mshale ulipokwisha kutolewa Atkin alishuka tena katika mashua akiwa na jeraha lake, kwa kuwa ndiye aliyejua njia ya kupita mwambani. Maji yalipojaa waliona mtumbwi ukielea peke yake. Ndani yake ulikuwamo mwili wa askofu, umezungushiwa mkeka. Alikuwa amepigwa rungu kichwani, na mwili ulikuwa na majeraha matano. Juu ya kifua palikuwa na kuti lililofungwa mafundo matano. Wengi walielewa kwamba alilipizwa kwa ajili ya watu watano wa Nukapu waliochukuliwa na meli ya vibarua.

Walimzika baharini siku iliyofuata. Siku chache baadaye, Atkin alipokuwa akiongoza Ushirika Mtakatifu, ulimi wake ulianza kuwa mzito. Ilikuwa pepopunda. Alifariki tarehe 27 Septemba, na Stephen akamfuata siku moja baadaye. Askofu alikuwa na miaka 44.

BAADA YA KIFO CHAKE

Mwishoni mwa mwaka huo meli ya kivita ya Uingereza ilifika Nukapu na kupiga mizinga. Waliomjua Patteson walisikitika, maana katika maisha yake yote alikataa kisasi. Lakini kifo chake kilifanya jambo ambalo barua zake hazikuweza kulifanya. Mwezi Februari 1872 hotuba ya Malkia Victoria ya kufungua Bunge ilitaja kuuawa kwa askofu, na hotuba hiyo hiyo ikataja biashara ya watumwa. Mwaka huo Bunge likapitisha sheria ya kuwalinda watu wa visiwa vya Pasifiki. Mwaka uliofuata soko la watumwa la Unguja lilifungwa, na mwaka 1875 Freretown ilianzishwa karibu na Mombasa kuwapokea waliokombolewa. Ndiyo maana tunasema kwamba hadithi hii, ingawa ni ya mbali, ina undugu na yetu.

Na kanisa la visiwani je? Halikufa. George Sarawia alipewa ukasisi mwaka 1873. Mwaka 1880 kanisa la Mt. Barnaba liliwekwa wakfu kisiwani Norfolk kwa kumbukumbu ya askofu, nalo lina kinanda kizuri ambacho wapenda muziki husafiri kwenda kukisikia. Mwaka 1925 Ini Kopuria, mzaliwa wa Guadalcanal, alianzisha undugu wa watawa wa Melanesia ambao unaendelea hadi leo. Mwaka 1975 Melanesia ikawa jimbo kamili la Kianglikana linalojitegemea. Walimu walikuwa wa kwao, kwa hiyo kifo cha askofu hakikufunga mlango wa kanisa.

SISI JE?

Tangu miaka ya mwanzo kwaya yetu imevuka maji ya Ziwa Victoria kwenda kuimba na makanisa madogo ya visiwani. Wenyeji wetu wametupokea vizuri, wametupa samaki na ugali, na wamelia tulipoondoka. Makanisa mengine yana waumini ishirini, na Jumapili nyingi hakuna kasisi wala mwinjilisti. Boti likiisha kuondoka na sisi, Jumapili inayofuata nani anaanzisha wimbo?

Hilo ndilo swali ambalo Patteson alilijibu kwa maisha yake. Kumtembelea mtu ni jambo jema. Kumfunza ili asikuhitaji ni jema zaidi. Kwa sadaka ya leo kamati inapendekeza kuwaleta vijana kutoka visiwani wakati wa likizo za shule, wakae majumbani mwetu, wajifunze nota, kinanda na kuongoza sauti nne, kisha warudi kwao wakawe walimu wa kwaya. Waje na nyimbo zao pia, maana nasi tuna ya kujifunza. Sare tulizovaa leo zimefifia kidogo kwenye kola, lakini bado zinafaa kwa sifa.

Bahasha zitapitishwa baada ya wimbo wa tatu. Mtoe kadiri Mungu alivyowajalia. Na wenye chumba cha kumlaza kijana mmoja kwa majuma matatu, tafadhali waandikishe majina yao kwa katibu kabla ya chakula.

Mungu awabariki.

Katibu, kwa niaba ya Kwaya