Paul Celan: Kalamu Iliyobeba Msiba

Aghalabu hudhaniwa kuwa mauaji ya halaiki hukoma siku bunduki zinaponyamaza. Maisha ya Paul Celan, mmoja wa washairi wakubwa wa lugha ya Kijerumani katika karne ya 20, yanatufunza kinyume cha hayo.

Celan alizaliwa tarehe 23 Novemba 1920 katika mji wa Czernowitz, uliokuwa sehemu ya Romania wakati huo na ambao leo umo nchini Ukraine. Jina lake la ukoo lilikuwa Antschel. Hili la Celan alilibuni baadaye kwa kupangua tahajia ya Kiromania ya jina hilo. Alikuwa mwana wa pekee wa Leo na Friederike, Wayahudi waliozungumza Kijerumani nyumbani. Mama ndiye aliyemtia mwanawe mapenzi ya fasihi ya lugha hiyo.

Mnamo 1941 majeshi ya Romania na Ujerumani yaliuteka mji huo. Mwezi Juni 1942, Celan akiwa hayuko nyumbani, wazazi wake walikamatwa na kupelekwa Transnistria. Baba alifia huko. Mama akapigwa risasi. Celan mwenyewe alitiwa katika kambi za shokoa hadi 1944. Alitoka hai, lakini alitoka na swali lisilo jibu: mbona yeye asalie na waliomzaa waangamie? Wataalamu wa afya ya akili wameiona hali hii kwa manusura wengi, yaani kujihisi mkosa kwa sababu tu ya kubaki hai.

Fauka ya hayo, lugha yenyewe ilikuwa jeraha. Kijerumani kilikuwa lugha ya mama yake, na papo hapo lugha ya wauaji. Alikimudu Kiromania na Kifaransa, ila katika utunzi hakuiacha lugha ya mama. Shairi lake mashuhuri, Todesfuge, linalosawiri kambi za mauaji, lilichapishwa kwanza mnamo 1947 katika tafsiri ya Kiromania.

Mwaka wa 1948 alihamia Paris. Alimwoa msanii Gisèle Lestrange mnamo 1952, wakajaliwa mwana, na kuanzia 1959 akafundisha Kijerumani katika École Normale Supérieure. Alipata Tuzo ya Bremen mnamo 1958 na Tuzo ya Georg Büchner mnamo 1960. Machoni pa watu alikuwa amepona.

La hasha! Claire Goll, mjane wa mshairi Yvan Goll, alimtuhumu kuwa ameiba kazi za marehemu mumewe, na mwaka wa 1960 tuhuma hizo zikavuma Ujerumani. Wahakiki waliozichunguza hawakuona ithibati. Hata hivyo, kwa mtu ambaye tungo zake zilikuwa ushahidi juu ya wafu wake, kuitwa mwongo kulikuwa kulitonesha donda bichi. Kuanzia mwishoni mwa 1962 alilazwa mara kadhaa katika hospitali za magonjwa ya akili. Mnamo 1967 alianza kuishi mbali na mkewe na mwanawe. Mwezi Aprili 1970 alijitoa uhai, akiwa na umri wa miaka 49. Vita vilikuwa vimekwisha robo karne.

Si kila manusura huishia hapo. Wengi huishi wakazeeka. Wala haifai kutaja sababu moja ya kifo cha namna hii. Lakini ni dhahiri kuwa muda pekee si tabibu, na sifa za umma si dawa. Manusura huhitaji kuaminiwa, kuwa na watu karibu, na matibabu yasiyokatizwa baada ya miaka michache.

Nchi yetu nayo ina manusura wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hivyo tuulize. Kumwuliza mtu waziwazi kama anawaza kujitoa uhai hakumpandi wazo hilo, bali humfungulia mlango wa kusema. Sisi tuliojifunza kusikiliza ukimya ulio ndani ya shairi, tusishindwe kuusikia ukimya wa jirani.