Kardinali Rugambwa na Ratiba Yetu ya Alhamisi

Mwaka wa pili, kila Alhamisi saa nne asubuhi, darasa letu lilitakiwa kuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Kulikuwa na prakitiko ya Kemia maabara, na kulikuwa na semina ya Saikolojia ya Elimu upande wa pili wa kampasi. Sisi tunaosomea ualimu wa sayansi tuna wazazi wawili: idara ya sayansi inatupa cha kufundisha, kitivo cha elimu kinatupa namna ya kufundisha. Wazazi hawa wakiwa hawasalimiani, mtoto ndiye anayelala njaa.

Mimi nilikuwa CR. Nikaenda idara ya kwanza, nikaambiwa suala ni la idara ya pili. Nikaenda ya pili, nikarudishwa ya kwanza. Hakuna aliyenifukuza wala kunijibu vibaya. Tatizo ni kwamba ratiba ile haikuwa ya mtu. Rafiki yangu mmoja alikuwa anakosa prakitiko ili awahi majaribio ya upande wa pili. Mwisho wa mwaka akakeri Kemia. Nilijiona nimemwangusha, na nikaamua kwamba u-CR basi.

Kisha tukaenda TP, na mimi nikapangiwa Muleba. Jumamosi moja mwalimu mwenyeji wangu, mzee wa karibu kustaafu, alinipandisha Kamachumu kwa kuwa alichoka kunisikia nikilalamika. Akasema nikaone alikotoka mtu aliyeijua kazi ya kupanga. Nilidhani ananipeleka kwa mkuu wa shule fulani. Kumbe ilikuwa ni nyumbani kwao Kardinali Rugambwa. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari zake, na nataka kukusimulia, ndugu msomaji, kwa jicho la mwanafunzi wa elimu. Kofia nyekundu wengi wanaijua tayari.

Laurean Rugambwa alizaliwa tarehe 12 Julai 1912 kijijini Bukongo, upande wa Kamachumu, katika familia ya ukoo wa watawala wa Kihaya. Nchi ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Wamisionari wa Afrika, ambao watu waliwaita Mapadri Weupe, walikuwa wamefungua misheni ya Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892, yaani miaka 20 tu kabla hajazaliwa. Dini na kalamu vilikuwa bado vigeni pale migombani. Alibatizwa tarehe 19 Machi 1921 akiwa na miaka minane, siku moja na wazazi wake.

Kutoka hapo akaingia njia ndefu ya shule. Alisoma seminari ndogo ya Rubya, hukohuko Muleba, halafu akavuka mpaka kwenda seminari kuu ya Katigondo, karibu na Masaka, Uganda. Alipewa upadri tarehe 12 Desemba 1943, Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea. Hebu piga hesabu: kutoka ubatizo hadi upadri ni miaka 22. Ndio umri wangu wote hapa duniani.

Nimejiuliza sana, mtoto wa kijijini anawezaje kudumu shuleni muda wote huo bila kupotea njiani? Akili peke yake haitoshi. Seminari ni mahali ambapo kengele moja inaamsha, inapeleka kanisani, darasani, mezani, shambani na kitandani. Anayepanga somo la Kilatini anajua chakula kitaiva saa ngapi. Mwanafunzi akiugua, kuna anayejua kabla jina lake halijaitwa darasani. Juu ya yote yupo gombera, na likiharibika lolote, ni yeye anayeulizwa. Kwa lugha yetu ya leo, gombera ni mratibu wa masomo na mlezi wa wanafunzi kwa pamoja. Sisemi chuo kikuu kigeuzwe seminari, maana wengi wetu tungefukuzwa wiki ya kwanza. Nasema tu kwamba pale somo na tumbo havikuwa na ofisi mbili zisizojuana.

Baada ya miaka michache ya kazi ya upadri, alipelekwa Roma kusomea sheria za Kanisa, akapata udaktari mwaka 1951. Zamani nilidhani hilo ni somo la kukariri vifungu. Kwa kweli ni somo la nani ana mamlaka gani, nani anawajibika kwa nani, mali ni ya nani, na jambo likikwama linapelekwa wapi. Mtu aliyesoma hayo hawezi kukwambia kwamba suala lako si la mtu.

Desemba ya mwaka huohuo aliteuliwa kuongoza eneo jipya la Kanisa lililoitwa Kagera ya Chini, makao yake yakiwa Rutabo, Muleba. Aliwekwa wakfu tarehe 10 Februari 1952, akiwa na miaka 39, akawa askofu wa kwanza mzalendo katika Tanganyika. Mwaka 1953 eneo hilo likawa Jimbo la Rutabo. Eneo hili lilikabidhiwa mapadri Waafrika waliendeshe wenyewe, wakati ambapo nchi ilikuwa bado inatawaliwa na Waingereza. Wapo waliokuwa wanasubiri kuona kama Mwafrika anaweza kuendesha kitu bila kusimamiwa. Mahubiri mazuri yasingetosha kuwajibu. Jibu lilikuwa katika mambo madogo: mshahara wa mwalimu, bati la darasa, dawa ya zahanati, hesabu inayofungwa.

Maana askofu wa wakati ule alikuwa pia mwenye shule. Kabla ya uhuru shule nyingi za Tanganyika ziliendeshwa na misheni, serikali ya kikoloni ikitoa ruzuku kwa zile zilizotimiza masharti yake. Bukoba na Muleba Wakatoliki na Walutheri walishindana kwa kujenga: hawa wana Ihungo, wale wana Kahororo. Ushindani huo ulitoa wasomi wengi. Lakini tuseme ukweli, ulitoa pia pengo. Mtoto aliyezaliwa mbali na misheni, au katika nyumba ya dini nyingine, mlango wake ulikuwa mwembamba zaidi.

Tarehe 28 Machi 1960 Papa Yohane XXIII alimfanya kardinali. Alikuwa na miaka 47, na alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata cheo hicho katika zama hizi. Siku hiyohiyo Japani ilipata kardinali wake wa kwanza, Peter Doi, na Ufilipino ikampata Rufino Santos. Miezi michache baadaye Rugambwa akahamia Bukoba kuwa askofu wa jimbo hilo. Kuanzia 1962 hadi 1965 alihudhuria Mtaguso wa Pili wa Vatikani, na baadaye alishiriki kuwachagua mapapa watatu: mmoja mwaka 1963 na wawili mwaka 1978.

Tukumbuke hali ya elimu ya juu wakati huo. Kijana wa Bukoba aliyetaka digrii alitazama Makerere, ng'ambo ya mpaka. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 na wanafunzi 14, wote wa sheria. Kitivo cha sayansi kilikuja mwaka 1965. Nchi inapata uhuru Desemba 1961, watu waliosoma sayansi ni wa kuhesabu. Kwa hiyo kila shule ya sekondari yenye maabara ilikuwa mali ya taifa zima. Wasichana ndio waliokuwa nyuma zaidi. Si bure kwamba jina la kardinali huyu leo liko kwenye lango la sekondari ya wasichana pale Bukoba mjini, Rugambwa.

Desemba 1968 akateuliwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam, kushika nafasi ya Edgar Maranta, Mswisi. Hapa ndipo linapokuja jambo lililonigusa kuliko yote. Sheria ya Elimu ya 1969 ilizifanya shule nyingi za mashirika ya dini kuwa za Serikali. Ihungo ikaenda, Kahororo ikaenda. Sababu ilikuwa ya haki: taifa la dini nyingi lisingeweza kuacha mlango wa elimu mikononi mwa wachache. Lakini jiweke kwenye nafasi yake. Vitu ambavyo watu wako wamevijenga kwa sadaka za wauza kahawa vinahamia kwa mwingine, na utaviona kila siku vikiendeshwa kwa namna ambayo si yako.

Seminari zilibaki, Rubya mojawapo. Kanisa likaendelea kufanya kazi na Serikali. Mwaka 1971 hospitali ya Bugando, iliyojengwa na maaskofu Wakatoliki, ilifunguliwa Mwanza. Mwaka uliofuata ikataifishwa nayo. Mwaka 1985 Kanisa likarudishiwa uendeshaji kwa makubaliano. Leo Bugando ni chuo kikuu cha sayansi za afya, na wapo vijana wa Kagera wanaovaa makoti meupe kule. Mwaka 1992 Serikali na makanisa wakatiliana saini hati ya makubaliano kuhusu huduma za elimu na afya. Mwaka huohuo, Julai, Rugambwa akastaafu baada ya zaidi ya miaka 23 Dar es Salaam, akamwachia Polycarp Pengo.

Alifariki tarehe 8 Desemba 1997, akiwa na miaka 85. Alizikwa Kashozi, na mwaka 2012, miaka 100 tangu azaliwe, mabaki yake yakahamishiwa katika Kanisa Kuu la Bukoba.

Sikuandika haya ili kila mtu awe mtakatifu wangu. Msomaji wa dini nyingine au asiye na dini anaweza kumwona Rugambwa kama mtu wa upande mmoja tu, na ana haki yake. Mimi nilichojifunza ni kidogo na cha kazi. Kwanza, kupanga ni kufundisha. Anayehakikisha maabara ina funguo, hosteli ina maji na vipindi havigongani, ameshafundisha nusu ya somo kabla mhadhiri hajaingia. Pili, lazima awepo mtu mmoja ambaye jambo likikwama ni lake. Tatu, unapanga kwa bidii zote ukijua kwamba siku moja utakabidhi, na kilichopangwa vizuri kitadumu hata kwa mikono ya mwingine.

Niliporudi kutoka TP sikujiuzulu u-CR. Nilichukua karatasi moja ya madaftari, nikachora siku tano, nikaandika vipindi vya idara zote mbili kwa rangi mbili. Mgongano ulikuwa mmoja tu, wa Alhamisi. Kwa mwaka mzima hakuna aliyewahi kuziona ratiba hizo mbili kwenye karatasi moja, hata mimi niliyekuwa nalalamika. Nimeomba wakuu wa pande zote mbili wakae siku moja, chumba kimoja, na karatasi hiyo katikati. Upande mmoja umekubali. Wa pili bado nasubiri jibu, na kila Jumatatu napita mlangoni kuulizia.

Rafiki yangu anarudia Kemia muhula huu. Wakati huu prakitiko ni yangu pia kuifuatilia.