Petrie na Kichwa cha Mfalme Khufu

Mvumilivu hula mbivu, walisema wahenga. Mimi nikitakiwa kutoa mfano wa methali hiyo, humtaja Sir Flinders Petrie, Mwingereza aliyechimbua mambo ya kale huko Misri.

Petrie alizaliwa mwaka wa 1853 karibu na London. Utotoni aliuguaugua, kwa hiyo alisomeshwa nyumbani, na baba yake akamfunza kazi ya kupima ardhi. Kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha Misri mwaka wa 1880. Alifanya makao ndani ya kaburi la kale huko Giza, akaipima ile Piramidi Kubwa ambayo Mfalme Khufu alijijengea yapata miaka 4,500 iliyopita. Siku hizo walikuwako watu, hata baba yake, waliosadiki kwamba vipimo vya jengo hilo vilificha siri za Mungu. Petrie alipomaliza hesabu zake, imani hiyo ilianguka.

Wachimbaji wengi wa wakati ule walitafuta masanamu makubwa na dhahabu, vigae wakavitupa. Petrie aliviokota, akavipanga kwa maumbo yake, akajua kipi kimetangulia na kipi kimefuata. Tena aliwalipa vibarua wake bakshishi kwa kila kitu walichokiona, ili wasikifiche na kuwauzia walanguzi.

Mwaka wa 1903 vibarua hao walifukua huko Abydos kisanamu cha pembe ya ndovu, mtu ameketi kitini, hana kichwa. Petrie alilisoma jina lililochorwa kwenye kiti, akaona ni la Khufu. Alitazama pia pale shingoni, akaona pamevunjika karibuni tu. Basi kichwa kilikuwa papo hapo vifusini. Aliamuru udongo wote uchekechwe. Kazi hiyo ilichukua majuma matatu, na kichwa kikapatikana, kimevaa taji.

Ndugu msomaji, kisanamu hicho kina urefu wa sentimita 7.5 tu, nayo piramidi ilikuwa na urefu wa meta 146 hivi ilipomalizika. Wako wataalamu wanaodhani kwamba kilichongwa karne nyingi baada ya mfalme huyo kufa. Hata hivyo, ndiyo sanamu nzima ya pekee ya Khufu tunayoijua kwa jina lake. Bila chekeche, tungekuwa na jengo lake lakini hatuna sura yake.

Lakini nisimsifu Petrie kupita kiasi. Mtu huyo aliyepima mawe kwa haki aliamini kwamba kabila moja la watu hulizidi jingine kwa akili, na kwamba kupima mafuvu kungelithibitisha jambo hilo. Kwetu Waafrika neno hilo ni zito. Alifariki Jerusalem mwaka wa 1942 na kiwiliwili chake kikazikwa huko. Kichwa alikuwa amekitoa kwa ajili ya uchunguzi, nacho kikapelekwa London kwenye Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji.

Khufu aliunganishwa na kichwa chake. Aliyemuunganisha ametenganishwa na chake. Nami naona fuvu hilo halina la kutufundisha kuhusu akili za watu. Funzo liko Abydos, kwenye mikono ya vibarua wa Misri waliochekecha udongo kwa majuma matatu mpaka wakakipata kitu kidogo sana.