J. W. Gregory: Karani wa sufu aliyelisoma Bonde la Ufa

Yale mawe ya kijivu unayoyaona Eldoret, kwenye kingo za mto Sosiani na kwenye machimbo ya kokoto, ni lava iliyopoa. Wanajiolojia huyaita fonolaiti, na ukigonga kipande chembamba kwa nyundo kinalia kama kengele. Mtaa wa West Indies, Langas, Kapsoya, karibu mji wote umekalia lava ya zaidi ya miaka milioni 10. Lakini mjini hakuna mlima wa moto. Sasa, hiyo lava ilitoka wapi?

Mmoja wa watu waliosaidia dunia kulijibu swali hilo ni John Walter Gregory. Alizaliwa London mwaka 1864, na hakuanza maisha kama msomi. Akiwa na miaka 15 tu aliajiriwa kama karani katika biashara ya sufu. Mchana kazi, jioni darasani. Aliendelea hivyo hadi mwaka 1887, alipopata kazi katika jumba la makumbusho ya viumbe na miamba jijini London.

Mwishoni mwa 1892 alijiunga na msafara mkubwa uliokuwa ukielekea Ziwa Turkana. Msafara huo ukavunjika kabla ya kufika popote pa maana. Wengine wangepanda meli warudi kwao. Gregory alienda Mombasa, akakusanya wapagazi wapatao 40, na Machi 1893 akaanza safari yake mwenyewe kwenda bara. Alipita Naivasha, akafika Baringo, kisha akapanda Mlima Kenya hadi kwenye barafu yake. Agosti alikuwa amerudi pwani. Ni miezi mitano tu, tena kwa miguu.

Swali lililomsumbua lilikuwa hili: bonde hili limetokeaje? Mabonde mengi huchimbwa na mito, maji yakila udongo mwaka baada ya mwaka. Gregory alichunguza tabaka za miamba kwenye kuta na vilima vya Baringo akaona kwamba hapa mambo ni tofauti. Ardhi ilikuwa imepasuka kwa nyufa ndefu zinazokwenda sambamba, na kipande cha katikati kikazama. Ndiyo maana ukienda Iten unasimama ukingoni na Bonde la Kerio liko chini kabisa. Mwaka 1896 alichapisha kitabu kuhusu safari hiyo, na jina la Bonde la Ufa likashika duniani kote. Mkono wa mashariki wa bonde hilo, unaopita Kenya, wanasayansi wanauita Ufa wa Gregory hadi leo.

Turudi kwa lava. Chini ya Afrika Mashariki kuna mwamba wa moto sana unaopanda polepole kutoka ndani ya dunia. Unalisukuma ganda la juu, linavimba, linavutwa huku na huku na kuwa jembamba. Mwamba ulio chini ukipunguziwa mgandamizo, sehemu yake huyeyuka. Uji huo, yaani magma, ni mwepesi kuliko mawe yanayouzunguka, kwa hiyo unapanda kupitia nyufa. Zamani ulimwagika kwa wingi ukaenea kama uji sakafuni, ukaunda uwanda wa Uasin Gishu. Baadaye bonde likazama, na Eldoret ikabaki juu. Longonot, Menengai na Suswa zilikuja baadaye sana, ndani ya bonde lenyewe. Joto hilohilo ndilo linalozalisha umeme kule Olkaria.

Visiwa vya West Indies, vile vya Karibi, vina volkano pia, ila chanzo ni tofauti. Huko bamba moja la ganda la dunia linazama chini ya jingine, na maji linaloyabeba husaidia mwamba wa juu yake kuyeyuka. Mlima Pelée katika kisiwa cha Martinique uliwaua watu wapatao 28,000 mwaka 1902. Gregory aliandika kuhusu jiolojia ya visiwa hivyo pia. Lakini nadharia ya mabamba yanayosogea ilikubalika miaka ya 1960, yeye akiwa kaburini.

Alifundisha Melbourne, kisha Glasgow kwa miaka 25. Mwaka 1919 alirudi Kenya kuendelea na uchunguzi wake. Hata hivyo, tusimpake sukari. Mwaka 1925 alichapisha kitabu kilichopinga watu wa rangi tofauti kuchanganyika. Huyu ni mtu ambaye kila jiwe alilolipeleka London mwaka 1893 lilibebwa hadi pwani na mabega ya Waafrika, na aliyeongozwa katika nchi ambayo wenyeji wake walikuwa wakiijua na kuipa majina karne nyingi kabla yake. Alijua kusoma miamba. Kuwasoma watu kulimshinda.

Alikufa kazini. Mwaka 1932, akiwa na miaka 68, alikwenda Peru kuchunguza volkano na matetemeko ya milima ya Andes. Mtumbwi wake ulipinduka katika mto Urubamba, akazama. Bonde alilolichunguza bado linapanuka, milimita chache kila mwaka, na kazi ya kulipima sasa inafanywa pia na wanajiolojia Wakenya, baadhi yao wakiwa wamezaliwa juu ya lava hiyohiyo.