Rider Haggard: Mtunzi aliyekataa pauni 100 za mkupuo

Mfanyabiashara wa Namuwongo anayenunua mzigo kwa jumla na kuuza rejareja karibu na reli ya Port Bell anaijua vizuri hesabu hii. Kuna pesa ya mkupuo, unayopokea leo na kwenda zako. Kuna pia sehemu yako katika kila kipimo kinachouzwa, ambayo huja kidogo kidogo na huenda isije kabisa. Mwaka 1885 mtunzi wa Kiingereza, Henry Rider Haggard, aliwekewa hesabu hiyohiyo. Uamuzi wake ulimletea utajiri, na mwaka uliofuata akaandika She, riwaya ya mapenzi na vitisho ambayo wasomaji wameigombania hadi leo.

Mtoto asiyetarajiwa makubwa

Haggard alizaliwa tarehe 22 Juni 1856 huko Bradenham, katika jimbo la Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Alikuwa wa nane kati ya watoto kumi. Baba yake alikuwa mwanasheria mwenye mashamba, lakini alimwona kijana huyo kuwa mzito wa akili na hakumpeleka katika shule za gharama kama alivyowafanyia kaka zake. Nyumbani kwao kulikuwa na mwanasesere wa matambara mwenye sura mbaya, aliyefichwa kabatini na kutolewa ili kuwatisha watoto. Alipewa jina lenye maana ya mwanamke ambaye ni lazima atiiwe. Haggard alikua, akavuka bahari, akaoa, lakini jina hilo halikumtoka kichwani.

Mwaka 1875, akiwa na miaka 19, alipelekwa Natal, Afrika Kusini, kufanya kazi bila mshahara katika ofisi ya Luteni Gavana, Sir Henry Bulwer. Miaka miwili baadaye alikuwa Pretoria wakati Uingereza ilipojitwalia nchi ya Transvaal, naye akashiriki kuipandisha bendera. Katika msafara huo alimfahamu Mhlopekazi, Mswazi mtu mzima aliyesifika kwa ushujaa wa vita. Baadaye Haggard alimtia vitabuni kwa jina la Umslopogaas, shujaa mwenye shoka.

Mwaka 1880 alimwoa Louisa Margitson, wakaenda Natal kufuga mbuni. Vita vya Maburu na Waingereza vilikuwa vimefika karibu na shamba lao, na mwaka 1881 walirudi Uingereza na mtoto mchanga wa kiume, Jock. Haggard akaanza kusomea sheria. Mwaka 1882 alitoa kitabu chake cha kwanza, kilichomhusu mfalme Cetshwayo wa Wazulu, na ilibidi amlipe mchapishaji pauni 50 kutoka mfukoni mwake. Biashara yake ya vitabu ilianza kwa hasara.

Ushauri wa karani

Habari zinasema kwamba kitabu kilichombadilishia maisha kilitokana na dau. Haggard alimwambia kaka yake kwamba Treasure Island ya Robert Louis Stevenson haikuwa jambo kubwa, na kaka yake akamtaka aandike kinachoifikia. Kwa muda wa wiki sita hivi aliandika hadithi ya Waingereza watatu wanaoingia ndani ya Afrika kutafuta almasi za Mfalme Sulemani.

Kampuni ya Cassell ilimpa chaguo mbili: pauni 100 na kuuza haki zote, au malipo ya awali ya pauni 50 pamoja na mrabaha wa asilimia 10 ya bei ya kila nakala. Haggard hakuwa na uhakika wa kesho, akachagua pauni 100. Ofisa wa kampuni alipotoka chumbani kwenda kuleta mkataba, karani aliyekuwa ameketi kimya pembeni alimshauri achukue mrabaha. Ofisa aliporudi, Haggard alikuwa amegeuza uamuzi.

Kitabu kilitoka Septemba 1885 kwa bei ya shilingi 5, na nakala 31,000 ziliuzwa katika miezi 12 ya kwanza. Peni 6 kwa kila nakala ni zaidi ya pauni 700 katika mwaka mmoja, na mauzo hayakuishia hapo. 

Malkia wa mapangoni

Mwanzoni mwa mwaka 1886 Haggard aliandika She, nayo pia kwa wiki sita hivi. Alipoukabidhi mswada kwa wakala wake, alimwambia kwamba hicho ndicho kitabu ambacho watu wangemkumbuka kwacho. Hadithi ilitoka kwa mfululizo katika gazeti la The Graphic kuanzia Oktoba 1886, ikawa kitabu mwaka 1887.

Waingereza wawili, Holly na kijana Leo, wanasafiri kwa jahazi kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Dhoruba inalivunja jahazi, wanapita kwenye mabwawa, na mwisho wanafika katika mapango ya mji wa kale uitwao Kôr. Humo anatawala Ayesha, Mwarabu mwenye uzuri usiovumilika, ambaye ameishi zaidi ya miaka 2,000 akimngoja mpenzi aliyemuua kwa wivu wake mwenyewe. Anaamini kuwa Leo ndiye mpenzi huyo aliyezaliwa upya. Mapango yamejaa maiti zilizohifadhiwa tangu zama za kale, na usiku wa ngoma wenyeji huwasha maiti hizo kama mienge. Mwisho Ayesha anaingia kwa mara ya pili katika moto uliompa maisha marefu, na moto unamrudishia miaka yake yote kwa dakika chache, mbele ya macho ya ampendaye.

Pwani ya Afrika Mashariki haikuwa ngeni kwa familia ya Haggard. Katikati ya miaka ya 1880 ndugu yake, Jack, alikuwa makamu wa konseli wa Uingereza huko Lamu, na kitabu kingine cha Haggard, Allan Quatermain cha mwaka 1887, kinaanzia safari yake Lamu hiyohiyo. Msomaji wa Kiswahili anaona jambo moja haraka kuliko msomaji wa London: jina la malkia huyo wa kutisha ni Aisha, jina la shangazi, la binti na la mama muuza samaki katika kila mji wa pwani.

Wasomaji wagawanyika

Wasomaji wa Uingereza waliipokea She kwa pupa, na wahakiki waligawanyika. Wapo waliosema kwamba lugha yake ni nzito na imeandikwa kwa haraka. Mwaka 1887, Haggard alipokuwa amesafiri kwenda Misri, gazeti la Pall Mall Gazette lilidai kwamba alichota hadithi hiyo katika vitabu vya watu wengine. Tuhuma hizo zilimuumiza, lakini hazikumpunguzia wanunuzi. Mwaka huohuo rafiki yake Andrew Lang, ambaye Haggard alikuwa amemtunukia She, alishirikiana na mwenzake kutoa kitabu cha dhihaka kilichoitwa He.

Madaktari wa nafsi nao walikuwa na maoni. Sigmund Freud wa Vienna alikitaja katika kitabu chake cha mwaka 1900 kuhusu tafsiri ya ndoto, akikiona kuwa kitabu cha ajabu chenye maana iliyofichika. Carl Jung alimtumia Ayesha kama mfano wa sura ya mwanamke ambayo mwanamume huibeba ndani yake bila kujua. C. S. Lewis, aliyekuja kuwa mtunzi maarufu, alisema uandishi wa Haggard ni mbovu na bado akasifu nguvu ya hadithi zenyewe. Mtu anaweza kuona kasoro za She na akashindwa kuiweka chini.

Nusu iliyogeuka kisu

Hadithi nyingine ilimhusu Mhlopekazi. Haggard mwenyewe alisimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba mzee huyo alipata habari kuwa jina lake limo vitabuni. Aliposikia kuwa vitabu hivyo vinauzwa na kwamba mwandishi anapata pesa, alitoa hoja ambayo mfanyabiashara yeyote angeitoa: anayepata pesa kwa jina lake ampelekee nusu. Haggard alimpelekea kisu cha kuwindia kilichochorwa jina la mzee huyo. Mhlopekazi alifariki mwaka 1897, na vitabu vyenye jina la Umslopogaas viliendelea kuuzwa.

Mtunzi aliyeokolewa na asilimia 10 hakumtengea sehemu mtu aliyempa shujaa wake. Hakuna sheria ya wakati huo iliyomlazimisha. Lakini dai la Mhlopekazi ni la mtu aliyeelewa kwamba jina na sifa ni bidhaa, miaka mingi kabla ya wanasheria wa Afrika kulishughulikia suala hilo.

Utajiri wenyewe haukumkinga Haggard na msiba. Mwaka 1891 alikwenda Mexico na mkewe, kukiwa na mpango wa kutafuta hazina ya Waazteki iliyosemekana kuzikwa ardhini. Hazina hawakuipata. Wakiwa huko walipokea habari kwamba Jock, mtoto wao pekee wa kiume, amefariki kwa surua akiwa na miaka 9. Haggard aliishi miaka 34 baada ya hapo, na watu wa nyumbani kwake hawakuthubutu kulitaja jina la mtoto huyo mbele yake. Aliendelea kuandika, akachunguza hali ya wakulima wa Uingereza, na mwaka 1912 akatunukiwa cheo cha Sir. Alimrudia Ayesha katika vitabu vingine vitatu, cha mwisho kikitoka mwaka 1923. Alifariki London tarehe 14 Mei 1925.

Kusomwa Afrika Mashariki

Haggard alifika kwa wasomaji wa Kiswahili miaka minne baada ya kifo chake. Mwaka 1929 ilitoka tafsiri ya Frederick Johnson, Mashimo ya Mfalme Sulemani. Johnson ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Wasomaji wa Tanganyika na Kenya walikisoma kitabu hicho shuleni kwa Kiswahili.

Kampala ilikuwa na njia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Gavana William Gowers alitaka Kiswahili kipewe nafasi zaidi Uganda, lakini Kabaka Daudi Chwa na viongozi wa Buganda walipinga, wakihofia hatima ya Kiganda. Msomaji wa Kampala alibaki kumsoma Haggard kwa Kiingereza. Hata Kamati ya Lugha ilipohamia Makerere mwaka 1952, kazi yake ilifanyika katika mji ambao shule zake hazikufundisha kwa Kiswahili.

Wasomaji wa Kiafrika walimpenda kwanza, kisha wakamhoji. Chinua Achebe wa Nigeria alikumbuka kwamba utotoni, akisoma hadithi za aina hiyo, alijikuta upande wa Wazungu dhidi ya Waafrika. Ngũgĩ wa Thiong'o alimsoma Haggard shuleni Kenya kabla ya kusoma Makerere, na mwaka 1986 alimweka wazi miongoni mwa waandishi ambao vitabu vyao vina ubaguzi wa rangi. Katika She, wenyeji ni watu wa kutawaliwa na kutiishwa, na hekima yote iko kwa malkia mweupe aliyetoka mbali. Msomaji mtoto hukimbizana na hadithi. Akishakuwa mtu mzima huuliza kwa nini watu wanaofanana naye wamepewa kazi ya kubeba mizigo tu.

Hata hivyo Haggard hakuwa wa upande mmoja tu. Mwisho wa Mashimo, Waingereza wanaondoka na almasi mifukoni, lakini mfalme Ignosi anaufunga mpaka nyuma yao na kukataza wafanyabiashara wa bunduki na pombe wasiingie nchini mwake. Msomaji anayevuka Busia au Mutukula kila wiki anajua uchungu wa mpaka kufungwa. Anajua pia kwamba baadhi ya mizigo hustahili kuzuiwa.

Chini ya sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006, kazi ya mtunzi hulindwa kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, ulinzi wa vitabu vya Haggard ulikwisha mwaka 1975. Mtu wa Namuwongo anayetaka kuifasiri She kwa Kiswahili, kuichapisha na kuipakia pamoja na mizigo mingine kwenda Kisumu au Mwanza hahitaji kibali cha warithi wake, wala hadaiwi mrabaha wowote. Tafsiri mpya itakuwa mali ya mfasiri. Akienda kwa mchapishaji, ataulizwa kama Haggard alivyoulizwa: anataka pesa ya mkupuo, au sehemu yake katika kila nakala.