Adriano Atiman, muganga wa watu wasio na kwao

Katika furaha ya Yubilei hii, tunapomushukuru Mungu kwa ajili ya wale waliotuletea Habari Njema, tunapenda kukumbuka mutu mumoja ambaye hakukaa Maniema, lakini maisha yake yanagusa historia yetu. Naye ni Adriano Atiman, muganga na katekista wa Karema, ngambo ya mashariki ya ziwa Tanganyika.

Atiman alizaliwa kunako mwaka 1866 katika inchi inayoitwa leo Mali, karibu na Tombouctou. Alipokuwa mutoto bado, Watuareg walimuteka, wakamuvusha jangwa la Sahara, akauzishwa. Mwaka 1876, Mapadri Weupe walimukomboa kule Metlili, katika inchi ya Algeria. Tangu siku ile hakuwa mutumwa tena; lakini wazazi, ukoo na luga yake vyote vilibaki mbali, ngambo ya jangwa. Alikuwa huru, naye hakuwa na kwao.

Kardinali Lavigerie alipofungua chuo kule Malta mwaka 1881, ili vijana Waafrika wajifunze uganga, Atiman alitumwa huko. Mwaka 1888 alianza safari pamoja na wamisionari, akapita Zanzibar, akafika Karema mwaka 1889. Alioa kule, na mutoto wake Yosefu akawa padri. Muda wa miaka zaidi ya sitini alitunza wagonjwa na kufundisha dini, akitumia dawa za Ulaya pamoja na miti ya inchi, mpaka alipokufa mwaka 1956.

Siku zile za kwanza, misioni ya Karema ilikuwa makimbilio ya watoto waliokombolewa na ya watu waliokimbia wawindaji wa watumwa. Sisi watu wa Kasongo tunajua mateso hayo. Kasongo ilikuwa makao ya Tippu Tip, na njia ya pembe na ya watumwa ilipita Kabambare kwenda ziwani na Ujiji, hata majeshi ya Dhanis yalipoteka Kasongo mwaka 1893. Luga yetu yenyewe inashika kumbukumbu hiyo: Kingwana ni luga ya wangwana, ni kusema watu huru. Lakini wengi waliojiita wangwana walikuwa wameonja utumwa, wao ao wazazi wao.

Mutumwa hakuwa tu mutu wa minyororo. Alikuwa mutu asiye na jamaa ya kumuulizia wala ya kumulilia. Kwa sababu hiyo wengine walimuhesabu kama kitu. Atiman aliyajua hayo katika mwili wake. Hakuyaficha alipokuwa muganga wa kusifiwa: katika uzee wake alisimulia mwenyewe habari za maisha yake, nazo zikachapwa mwaka 1946. Alishika pia jina la utoto wake, Atiman, pamoja na jina la ubatizo. Mugonjwa aliyefika kwake bila ndugu alimukuta mutu aliyepita njia ile ile.

Mapadri, wageni na waamini wapendwa, watu wasio na kwao hawajaisha. Katika miaka hii ya nyuma, vita vya upande wa Salamabila na Kabambare vilifukuza jamaa nyingi, wakatembea na watoto na mizigo yao, wakiomba pa kulala. Wako pia watoto wanaolala sokoni, na wazee waliofukuzwa nyumbani kwa kusingiziwa ulozi. Ni vyepesi kuwapita na kusema tu: hao wakimbizi, hao watoto wa barabara. Tukisema hivyo, tunawaondolea jina, kama vile wenye misafara walivyofanya.

Basi, mutu wa namna hiyo akisimama mlangoni petu, tumuulize kwanza jina lake, kisha tumupe maji na mukeka. Kwani nani kati yetu anayeweza kusema kwamba babu zake hawakupokelewa hata siku moja katika nyumba ya mwingine?

Mungu aliyemupa Atiman kwao kupya atujalie moyo wa namna hiyo.