Maisha ya Profesa Chebotaryov

Wanafunzi wengi husema kwamba hawapati nafasi ya kufikiri hesabu kwa sababu ya wingi wa kazi. Mimi pia nilikuwa nikisema hivyo, mpaka nilipopata habari za mtaalamu wa aljebra wa Urusi, Nikolai Chebotaryov.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1894 katika mji wa Kamenets-Podolsk, ambao siku zile ulikuwa chini ya Urusi na leo umo katika nchi ya Ukraine. Mwaka 1912 aliingia Chuo Kikuu cha Kiev, akafundishwa na Profesa Grave, mwalimu hodari wa aljebra.

Baada ya vita na mapinduzi ya 1917, watu wengi walipatwa na njaa na umaskini. Mwaka 1921 Chebotaryov alihamia Odessa, mji wa pwani ya Bahari Nyeusi, ili awasaidie wazazi wake. Mama yake alikuwa akiuza kabichi. Basi yule msomi wa chuo kikuu alichukua ndoo za kabichi mpaka sokoni, na alichota maji sehemu ya chini ya mji akayapandisha juu. Hakuona haya. Huku amebeba ndoo, alikuwa akifikiri hesabu.

Alilofikiri lilihusu namba tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, kama 3, 5, 7 na 11. Ukizigawanya kwa 4, nyingine hubakiza 1, nyingine 3. Na ukiendelea kuhesabu mbali sana, makundi hayo mawili hukaribia kulingana. Hilo lilikwisha julikana. Lakini Mjerumani Frobenius alikuwa amekisia kanuni pana zaidi, inayoonyesha jinsi namba tasa zinavyojigawa kwa kufuata milinganyo ya aljebra, wala hakuweza kuithibitisha. Chebotaryov aliithibitisha mwaka 1922. Mwaka 1927 Emil Artin alitumia njia yake hiyo kuthibitisha kanuni nyingine kubwa.

Alikuwa pia mtu mwenye haki. Alipopewa kazi Moscow, alitambua kwamba amewekwa mahali pa Profesa Egorov aliyeondolewa. Moyo wake haukutulia. Baada ya miezi michache aliiacha kazi hiyo akarudi Odessa, ingawa huko hakuwa na cheo kikubwa.

Mwaka 1928 alikwenda kufundisha Kazan, akakaa huko karibu miaka ishirini, akiandika vitabu na kulea wataalamu wengi. Alifariki mwaka 1947.

Ndugu wanafunzi, sisi nasi tuna zamu za kuchota maji. Tangu nilipojua habari hizi, kila nikienda kisimani huchukua swali moja la hesabu kichwani. Mara nyingi hurudi bila jibu, lakini sisemi tena kwamba nafasi sina.